Usiifute Tarehe ya Kwanza

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Olenguruone, na huko nikajikuta natengeneza programu ndogo iliyonifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni kwa miaka yote minne ya sayansi ya kompyuta. Leo nataka kulieleza, kwa sababu linawahusu watu wengi kuliko sisi tunaoandika msimbo. Linahusu ultrasaundi ya mimba changa, na hii hamu yetu ya kutaka mashine itutabirie mtoto atazaliwaje.

Kwa wasiopajua, Olenguruone iko Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, kule juu kwenye Mau. Ni nchi ya chai, viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na baridi ya asubuhi inayokufanya usahau kwamba uko karibu na ikweta. Kutoka kwetu hadi Nakuru mjini si mbali sana kwenye ramani. Lakini muulize mama mwenye mimba ya miezi minane aliyepanda matatu ya kwenda Molo siku ya mvua, atakueleza umbali ni nini.

Kliniki moja ndogo ya upande wetu, ambayo sitaitaja jina, iliniomba niwatengenezee programu ya kuweka rekodi za kina mama wajawazito. Walikuwa wakitumia madaftari, na madaftari hupotea. Nikaona kazi rahisi. Jedwali moja la kina mama, jedwali la pili la ziara za kliniki, fomu chache, ripoti ya mwisho wa mwezi. Nikamaliza kwa wiki tatu nikajipongeza.

Kwenye jedwali la kina mama niliweka safu moja inayoitwa "tarehe ya kujifungua". Kila mama alipopigwa ultrasaundi, mhudumu aliingiza matokeo na programu ikahesabu tarehe upya na kuiandika juu ya ile ya zamani. Kwa mantiki yangu ya kitoto, habari mpya ni bora kuliko habari kuukuu. Ndivyo tunavyofanya kwenye programu nyingi. Mteja akibadilisha anwani, unafuta ya zamani unaandika mpya.

Siku moja muuguzi mmoja pale, mama mtu mzima ambaye amezalisha watoto wa vijiji vingi vya kule kwetu, akaniita. Mezani alikuwa ameweka kijitabu cha kliniki cha mama fulani, kile cha karatasi.

"Kijana wangu," akasema, "hii mashine yako inadanganya."

"Inadanganya vipi, sista?"

Akanionyesha. Mama yule alipigwa ultrasaundi ya kwanza mimba ikiwa changa. Kijitabu kilionyesha kipimo cha milimita 60, yaani wiki 12 na siku 3. Wiki 20 baadaye alipigwa nyingine. Hesabu ya darasa la tatu inasema alipaswa kuwa na wiki 32 na siku 3. Lakini ultrasaundi ya pili ilisoma kichwa na tumbo la mtoto kama la wiki 30. Programu yangu ilifanya nini? Ilikubali kwamba mimba ni ya wiki 30, ikasogeza mbele tarehe ya kujifungua kwa zaidi ya wiki mbili, ikaandika kwamba mtoto ana ukubwa unaolingana na umri wake. Kila kitu kwenye skrini kilikuwa cha kijani.

Muuguzi hakuona kijani. Aliona mtoto ambaye alikuwa akikua vizuri na sasa amebaki nyuma. Mama alipelekwa hospitali kubwa, akafuatiliwa kwa karibu, na mtoto alizaliwa mdogo lakini hai. Nashukuru Mungu, na nakishukuru kile kijitabu cha karatasi. Programu yangu haikuwa na lolote la kushukuriwa.

Hilo lilinifanya nianze kusoma. Ngoja niwaeleze nilichokipata, kwa lugha ya mkulima kwanza, kisha kwa lugha ya msimbo.

Mahindi yakichipua tu, shamba zima huwa na kimo kimoja. Ukiwa na uzoefu unaweza kutazama miche na kusema imepandwa siku ngapi zilizopita, na utakosea kwa siku chache tu. Lakini rudi shambani mahindi yakiwa yamefika kifuani. Penye mbolea yamepanda, penye maji yaliyotuama yamedumaa. Sasa huwezi tena kukisia siku ya kupanda kwa kutazama kimo, kwa sababu kimo kimebeba hadithi nyingine: ya udongo, ya mbolea, ya magugu. Mtoto tumboni ni hivyo hivyo. Wiki za mwanzo, vijusi vyote vyenye afya hukua kwa mwendo unaokaribiana sana. Baadaye urithi, lishe, maradhi na kondo la nyuma huanza kuwatenganisha.

Kwa hiyo kipimo kimoja cha mapema kina thamani ya pekee. Ni urefu wa kijusi kutoka utosini hadi makalioni, unaopimwa kwa milimita hadi kufikia kama 84, yaani karibu na mwisho wa wiki ya 13. Aliyetufundisha kukitumia ni daktari Hugh Robinson wa Glasgow, mji uleule ambao Ian Donald na wenzake walikuwa wamechapisha picha za mwanzo za ultrasaundi ya uzazi mwaka 1958. Robinson alichapisha kazi yake ya kwanza juu ya kipimo hiki mwaka 1973, na mwaka 1975 yeye na J. E. E. Fleming wakatoa kanuni ambayo bado inatumika kwenye mashine nyingi duniani. Wapenzi wa hesabu, hii hapa:

umri wa mimba kwa siku = 8.052 × kipeuo cha pili cha (1.037 × urefu) + 23.73

Weka milimita 60 na utapata siku 87, yaani wiki 12 na siku 3. Ule mstari mmoja tu wa msimbo ndio uliokuwa kwenye kijitabu cha yule mama.

Sasa linganisha na kitu kilichofanyika karibu na sisi. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa INTERGROWTH-21st uliwafuatilia kina mama wenye afya na lishe nzuri katika miji na maeneo 8 ya dunia, likiwemo eneo la Parklands jijini Nairobi, pamoja na Muscat kule Oman. Walichapisha viwango vyao mwaka 2014. Kanuni yao ya umri ni tofauti na ya Robinson:

umri kwa siku = 40.9041 + 3.21585 × kipeuo cha pili cha urefu + 0.348956 × urefu

Weka tena milimita 60. Unapata siku 86.8. Robinson alitoa 87.2. Miaka 40 kati yao, kina mama wa Scotland upande mmoja na wa Nairobi, Nagpur, Beijing na Pelotas upande wa pili, na tofauti ni nusu siku! Watafiti hao waliona pia kwamba tofauti kati ya eneo na eneo zilieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti zote za urefu wa kijusi, mzingo wa kichwa na urefu wa mtoto anapozaliwa. Maana yake, mama wa Parklands akiwa na afya na chakula, mtoto wake hukua tumboni kama wa Turin au Seattle. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili. Mtoto akibaki nyuma kuna sababu, na sababu inapaswa kutafutwa.

Kuna jambo jingine kwenye kanuni hii linalomfurahisha mtu wa kompyuta. Mimba ikiwa ya wiki 12, kijusi huongezeka karibu milimita 2 kwa siku. Mpimaji akikosea milimita 2, tarehe inahama kwa siku 1 tu. Ndiyo maana madaktari huichukulia tarehe ya ultrasaundi ya mapema kuwa na kosa la siku 5 hadi 7 kila upande. Ukingoja hadi miezi mitatu ya mwisho, kosa hilo hufika wiki 3 au zaidi. Na mimi nilikuwa nimeandika programu inayofuta ya kwanza kwa kutumia ya mwisho.

Mtasema, kwani hakuna njia nyingine ya kujua tarehe? Ipo, na ni ya zamani sana. Kanuni ya Naegele, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, husema chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Lakini keti kliniki ya kwetu usikilize mazungumzo.

"Mama, mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

"Wakati ule tulikuwa tunavuna viazi."

"Mwanzo wa kuvuna au mwisho?"

"Katikati."

Msicheke. Mama huyu ana watoto, shamba, na ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja alfajiri. Huenda pia alikuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi na siku zake hazikuwa na mpangilio wowote. Kanuni ya Naegele inadhani kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28 na kalenda ukutani. Ni programu iliyoandikwa bila kumuuliza mtumiaji.

Basi, tuje kwenye utabiri, maana hapo ndipo nina ugomvi na wenzangu wa fani.

Nilipowasimulia marafiki zangu wa Nairobi kuhusu kazi ile, swali la kwanza lilikuwa: "Kwa nini usiweke akili bandia itabiri?" Wazo lao lilikuwa hivi. Kusanya vipimo vya mapema, kusanya matokeo ya kujifungua, fundisha modeli, kisha mama akija na wiki 10 umwambie uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo. Nakiri nilitamani. Lingekuwa jambo la kupendeza kuonyesha kwenye mkutano.

Na si upuuzi. Mwaka 1998 Gordon Smith na wenzake walichapisha utafiti wa mimba zaidi ya 4,000 kutoka Glasgow, wakaonyesha kwamba kijusi kilichokuwa kifupi kuliko ilivyotarajiwa katika miezi mitatu ya mwanzo kilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2010 kundi la Rotterdam, Uholanzi, likiwa na kina mama 1,631, liliona uhusiano wa aina hiyo na uzito mdogo, na pia na kuzaliwa kabla ya wakati. Kumbe safari ya mtoto huanza kuonyesha dalili zake mapema sana.

Lakini sasa simama kidogo ufikiri kama mtu wa hifadhidata. "Kifupi kuliko ilivyotarajiwa" maana yake nini? Ili useme kijusi ni kifupi kwa umri wake, lazima umri uujue kwa njia nyingine. Kama umri umeupata kutokana na urefu wenyewe, basi urefu utakuwa sahihi kwa umri kila mara. Umetumia kipimo kimoja kuwa swali na jibu. Ni sawa na kukisia siku ya kupanda kwa kimo cha mahindi, halafu ujisifu kwamba mahindi yako yote yana kimo kinachofaa.

Watafiti wanalijua tatizo hili vizuri. Kundi la Glasgow liliwachagua kina mama wenye uhakika wa tarehe zao na mzunguko wa kawaida. Kundi jingine, la Radek Bukowski mwaka 2007, lilitumia mimba zilizopatikana kwa msaada wa kitabibu, ambapo siku ya kutunga mimba inajulikana wazi. Wenzangu wa Nairobi hawakuwa na habari hiyo. Data ya kliniki zetu nayo haina tarehe huru ya namna hiyo. Ukiilisha kwenye modeli itatoa namba tu, kwa sababu modeli hutoa namba hata ukiilisha takataka.

Na hata pale uhusiano ulipo, ni wa makundi. Wengi wa wale waliokuwa vifupi mapema walizaliwa salama. Ukimwambia mama mmoja wa Keringet kwamba mtoto wake "yuko hatarini" kwa sababu ya milimita tatu, umempa miezi sita ya kutolala na hujampa dawa yoyote. Utabiri usioambatana na hatua ya kuchukua ni uchuro.

Kipimo cha mapema kinaweza kuwa kikatili zaidi. Kwenye mimba changa sana, mpimaji hutafuta mapigo ya moyo. Asipoyaona, mimba imekufa, au ni changa tu na moyo bado hauonekani? Kwa miaka mingi sehemu nyingi zilitumia kizingiti cha milimita 5: kijusi cha urefu huo bila mapigo, mimba imeharibika. Kisha watafiti wakauliza swali ambalo mwanafunzi wa takwimu angeuliza: kosa la kipimo chenyewe ni kiasi gani? Watu wawili wakipima kijusi kimoja hawapati namba ileile. Mwaka 2013 jopo la wataalamu liliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kizingiti kipande hadi milimita 7, na kwa mfuko wa mimba usio na kijusi kipande kutoka milimita 16 hadi 25. Chini ya hapo, ngoja, upime tena siku nyingine. Milimita 2 tu. Lakini katikati ya 5 na 7 kulikuwa na mimba zilizo hai, za watu waliozitaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kizingiti kwenye msimbo wangu si namba ya kuchagua baada ya chai.

Na sasa mfano mkubwa kuliko yote, ambao ungefaa kufundishwa kwa kila mwandishi wa programu za afya Kenya. Mama akianza uchungu mapema, kuna dawa za steroidi kama deksamethasoni anazochomwa ili mapafu ya mtoto yakomae. Katika nchi tajiri zimeokoa watoto kwa miongo mingi. Basi ukafanyika utafiti uitwao ACT katika nchi 6, ikiwemo sehemu ya magharibi mwa Kenya, wa kuzifikisha dawa hizi hadi vijijini. Umri wa mimba ukiwa haujulikani, wahudumu walikadiria kwa kutumia utepe wa rangi unaopima kimo cha mji wa mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, kutoka kwa watoto karibu 100,000. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Viliongezeka: 27.4 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai kwenye maeneo yaliyopewa mpango huo, dhidi ya 23.9 kwenye maeneo mengine. Wengi waliopewa dawa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa, na walijifungua watoto waliotimia ambao dawa haikuwafaa. Haikuwa sababu pekee, maana maambukizi kwa kina mama nayo yaliongezeka. Lakini saa mbovu ilichangia.

Kisha Shirika la Afya Duniani likafanya utafiti wa ACTION, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii masharti yalikuwa makali. Umri wa mimba uthibitishwe kwa ultrasaundi, uwe kati ya wiki 26 na 34, na hospitali iwe na uwezo wa kumtunza mtoto mchanga. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Kati ya watoto waliopewa dawa walikufa asilimia 19.6, na kati ya wale ambao hawakupewa walikufa asilimia 23.5. Kwa kila kina mama 25 hivi waliotibiwa, mtoto mmoja aliokolewa. Dawa za aina ileile, Kenya ikiwemo kote kuwili. Huku zimeua, kule zimeokoa. Miongoni mwa vitu vilivyotofautisha ni kujua kama hii ni wiki ya 31 au ya 36.

Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya kipimo cha mapema ni kuweka saa sawa. Kutabiri ni kazi ya pembeni. Karibu kila uamuzi unaofuata unaisoma saa hiyo: mtoto anakua au amesimama, dawa ya mapafu itolewe au la, mama aliyepitisha siku aanzishwe uchungu au angoje. Saa ikiwa mbovu, kila kinachojengwa juu yake ni kibovu, hata kiwe cha kisasa namna gani.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na ziara ya kwanza ya kliniki iwe ndani ya wiki 12. Utafiti wa kitaifa wa afya Kenya wa mwaka 2022, ule wa KDHS, ulionyesha kwamba asilimia 98 ya kina mama walipata huduma ya ujauzito kutoka kwa mhudumu mwenye ujuzi, na asilimia 66 walienda mara 4 au zaidi. Kwa hiyo kina mama wanafika kliniki. Kinachotusumbua ni wanafika lini na wakifika wanakuta nini. Utafiti huohuo ulihesabu vifo 21 vya watoto katika mwezi wa kwanza kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai.

Sitaki mnione adui wa teknolojia mpya. Tangu mwaka 2022 vifaa vidogo vya ultrasaundi vya kampuni ya Butterfly, vinavyochomekwa kwenye simu, vimegawiwa kwa wakunga hapa Kenya kwa ufadhili wa wakfu wa Gates. Mwaka huohuo watafiti wa Lusaka na North Carolina walionyesha kwamba mhudumu asiye mtaalamu anaweza kupitisha kifaa juu ya tumbo kwa mistari michache, na programu ikakadiria umri wa mimba. Google nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba itashirikiana na Jacaranda Health ya hapa Kenya kwenye utafiti wa jambo kama hilo. Nashangilia. Kwa mama anayefika mara ya kwanza akiwa na miezi sita, hicho ni bora mara mia kuliko kisio la mavuno ya viazi.

Lakini angalieni kitu kimoja. Utajuaje programu hizo zinasema kweli? Lazima uzilinganishe na tarehe iliyo sahihi, na tarehe sahihi hutoka kwenye kipimo cha mapema, au kwa mimba ambazo siku ya kutungwa inajulikana. Hata akili bandia inaegemea zile milimita chache za wiki ya 10. Hivyo sisi tunaotaka kutabiri tungepaswa kuwa wa kwanza kupigania kipimo cha mapema. Badala yake tunaruka moja kwa moja hadi kwenye utabiri, kama mtu anayenunua paa kabla ya kuchimba msingi.

Mimi nilirekebisha programu yangu. Sasa haina safu moja ya "tarehe ya kujifungua". Ina jedwali la vipimo ambalo hakuna anayeruhusiwa kufuta kitu ndani yake. Kila kipimo kinabaki na milimita zake, siku kilipopimwa, na kanuni iliyotumika. Tarehe hukokotolewa kutoka kwenye kipimo cha mapema kuliko vyote, na ikishawekwa imewekwa. Mtu akitaka kuibadilisha lazima aandike sababu. Ultrasaundi ya baadaye ikitofautiana nayo, programu haisogezi tarehe. Inatoa onyo la rangi nyekundu: mtoto huyu mtazameni. Mabadiliko yote hayakuzidi mistari 80.

Kwa wenzangu mnaotengeneza mifumo ya afya ya kaunti na ya kampuni binafsi, ombi langu ni hilo tu. Hifadhini kipimo ghafi, msihifadhi jibu peke yake. Msiandike kipya juu ya cha zamani. Na kabla ya kuweka kitufe cha "tabiri", ulizeni mhudumu atafanya nini tofauti akikibonyeza.

Kwa wasomaji wengine, ukiwa na dada, mke au binti mwenye mimba, mwambie asingoje tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Aende mapema, na kama ultrasaundi inapatikana aipige kabla ya wiki ya 14. Kisha akitunze kile kijitabu chenye kipimo cha kwanza kama anavyotunza hati ya shamba. Akienda hospitali nyingine akaambiwa tarehe imebadilika, akitoe kijitabu aulize kwa heshima: "Daktari, na hii ya kwanza je?"

Yule muuguzi bado anaandika kwenye kijitabu cha karatasi hata baada ya kuingiza kwenye kompyuta. Zamani ningemwona mkaidi. Siku hizi nikiwa pale huwa namkumbusha aandike.

Kama unafanya kazi kliniki, au uliwahi kubadilishiwa tarehe mimba ikiwa kubwa, niandikie unieleze ilikuwaje. Tuonane tena, na safari hii nitajitahidi nisikae kimya miezi mingi.